Kasiani, Tumeupasua Mpira Wako

Mwanangu Kasiani,

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, herufi kubwa zimeingiliana na ndogo, utanivumilia. Mwalimu wa kisomo alitaka kunisaidia. Akasema, "Mama Kasiani, wewe tamka tu, mimi naandika." Nikamwambia asante, macho yangu bado mazima. Ningemtamkia yeye, kesho jua halijawa kali Makanyagio nzima imeshasikia, na watu wa Ilembo wameshaongeza ya kwao. Kwa hiyo nimekaa hapa uani, karatasi juu ya kinu nilichokipindua, na nimemgeuzia mgongo jirani yetu Skola anayejifanya anaanika mpunga. Mpunga gani unaanikwa kona moja tu ya ua, ile inayotazama kwangu?

Sisi ni wazima. Mdogo wako Didas mzima, amepata kazi ya kupaua nyumba huko Misunkumilo, anarudi jioni na misumari mfukoni, namwambia kila siku atakuja kuikalia. Sukari hakuna. Watu wanapanga foleni tangu alfajiri halafu duka linafunguliwa wanaambiwa iliyokuwepo imekwisha. Imekwisha imeliwa na nani, sisi tuliokuwa mlangoni hatukuona hata punje? Nanyamaza tu.

Baba, nakuandikia kwa ajili ya siku ya kurithi jina lako. Ulikuwepo au hukuwepo, sijui. Padri anasema uko kwa Mungu, wazee wanasema mpaka siku ile unakuwa bado unazunguka hapa nyumbani. Mimi nimeshika yote mawili. Lakini kama ulikuwa unazunguka na ukaona, basi umeona vibaya, na nataka usikie kutoka kwangu.

Unakumbuka desturi yetu. Kabla jina la marehemu halijarithiwa, mkubwa wa ukoo anasimama mbele ya watu wote anamwuliza mama mzazi: kifo hiki ni cha Mungu, au ni cha mtu? Mama akisema cha Mungu, mrithi anakalishwa kwenye mkeka siku ile ile, anavishwa nguo ya marehemu, watu wanamwamkia kwa jina lile, na jina linaendelea kuishi nyumbani. Akisema cha mtu, jina linafungwa. Haliitwi tena mpaka mkono uliotenda ujulikane. Babu yako alikuwa na kaka ambaye jina lake lilifungwa namna hiyo, na mpaka leo anatajwa "yule". Mimi mwenyewe nimeolewa humu, nimezaa humu, nimezeeka humu, silijui jina lake.

Sasa mimi, Kasiani, nilikuwa na jibu langu tangu siku ya kukuzika. Cha mtu. Na mtu nilikuwa naye. Yusufu.

Usikasirike. Ngoja nikueleze nilivyokuwa nayaona, maana wewe ulikuwa unaishi maisha yako mbali na mimi nilikuwa nayapokea vipande vipande, kipande kinaletwa na treni, kipande kinaletwa na umbea.

Mchezo wenyewe sikuuamini tangu ulipoanza kuutamani. Baba yako alikuwa anafanya kazi mgodini, na wale wazungu wa mgodi walikuwa na kiwanja chao wamekifyeka. Ukaja nyumbani umemwona mzee mmoja mwenye upara anarusha mpira polepole kama anamrushia kuku mtama, na vijana wenye nguvu wanashindwa kuupiga. Malimao yangu yote yakaisha. Ulikuwa unayadundisha pale uani, limao likigusa chini linakata kona kama limeitwa. Bibi yako akaniambia, "Leokadia, mtoto huyu amemezwa na nini?" Nikakupeleka kwa sista wa misheni akakuangalia ulimi. Akasema huna kitu.

Mgodi ukafungwa, baba yako akafariki, ukaenda Tabora kufanya kazi ya relwe. Huko ukawakuta Wahindi wana timu yao ya kriketi. Nilipopanda treni kuja kukutazama nilikaa kwenye benchi kutwa nzima na mwavuli. Wanaume wazima wamevaa nyeupe tupu, wamesimama mbalimbali, hakuna anayekimbia, kama misa iliyokosa padri. Halafu ukapewa mpira wewe. Ukaenda hatua chache, ukauachia. Mpira ukapanda juu, polepole, hata mimi niliuona. Yule bwana mwenye gongo akatabasamu, akajinyoosha aupige uende Urambo. Ukadunda, ukamkwepa, nikasikia vijiti vinaanguka nyuma yake. Watu wakapiga makofi ya ncha za vidole. Mimi sikupiga. Kitu kinachokwenda polepole hivyo na bado kinaangusha, mwanangu, mimi nikikiona porini nakimbia.

Jioni nikakuuliza, "Umeweka nini kwenye ule mpira?" Ukacheka mpaka ukashika ukuta. "Vidole tu, mama."

Vidole tu. Na vidole hivyo vikakupeleka Dar, vikakupeleka Nairobi, vikakuingiza kwenye timu ya nchi zetu tatu, ukapanda ndege kwenda Ulaya ukaniletea sweta la sufu ambalo hapa Mpanda nalivaa nikiwa na homa tu. Halafu wakakufanya kepteni. Siku habari zilipofika, watu walijaa hapa uani kama sikukuu, na mimi nikaanza kuwahesabu wasiokuja. Mtoto wa mchimba mgodi anawaongoza Wahindi, Wakenya na Waganda! Nilisema moyoni, mahali hapa patamu hivi, kuna mtu anapatamani.

Na wewe ukaniletea jina lake mwenyewe. Likizo moja ukaniambia uko na kijana wa Tanga, Mhindi, Yusufu, unamfundisha kurusha kama unavyorusha wewe. Nikakuuliza, unamfundisha vyote? Ukasema vyote. Kasiani! Nani anafundisha mtu kazi yake yote? Hata mpika pombe akimfundisha binti yake wa kumzaa, anaacha kitu kimoja cha kufa nacho.

Nchi zilipoanza kugombana, ukarudi nyumbani. Umekonda, kidole cha kurushia kimevimba na kupasuka. Ukasema umeuacha ukepteni. Nikauliza kauchukua nani. Ukasema Yusufu, kama mtu anayesema kuna mvua. Halafu tumbo, halafu macho ya njano. Daktari wa hospitali akasema ini. Ini! Kila mtu ana ini, mbona hawafi wote?

Na ule usiku wa homa, nikiwa nakupangusa, ukanishika mkono, hukunijua. Ukasema, "Usiseme, Yusufu. Usiseme." Zaidi ya mara moja ulisema. Ulipopata nafuu nilikuuliza, asiseme nini? Ukageukia ukutani.

Sasa niambie, mama gani angefikiri mema?

Telegramu ya msiba ilimchelewea Yusufu. Kaburi lilishaanza kuota majani alipofika, siku ya kurithi yenyewe, asubuhi, na treni. Mrefu, mwembamba, ndevu zimechanwa. Kiswahili chake kimenyooka, chetu kikawa kama kina magongo. "Shikamoo mama. Poleni sana na msiba." Amebeba mfuko wa sukari. Nikautazama ule mfuko. Sukari imepotea Mpanda nzima, yeye kaipata wapi? Nikamwambia Didas auweke mbali na jiko.

Nikamfanyia jaribio. Unajua kwetu mwenye hila na marehemu hathubutu kunawa beseni moja na mama mzazi, anaogopa mikono itamvimba. Nikanawa, nikamsogezea beseni. Akanawa mpaka viwiko, akashukuru. Nikafurahi kidogo. Halafu nikawaza, lakini huyu ni mtu wa Tanga, ni Mhindi, atajuaje habari za beseni? Asiyeijua sheria haimtishi. Maji yangu yakawa yamepotea bure.

Na mpira wako alikuwa ameshauulizia. Hajamaliza hata chai ya bila sukari. "Mama, ule mpira wa zamani wa kepteni, bado upo?" Ule uliokuwa unaulaza chini ya mto. Nikasema sijui. Nikaenda chumbani, nikautoa, nikautazama kwenye mwanga wa dirisha kwa mara ya kwanza vizuri. Kasiani, upande mmoja ulikuwa unang'aa kama kikombe cha komunyo. Upande wa pili umekwaruzika, umekufa. Mpira mmoja, sura mbili.

Nikamwita mtani wetu, Mzee Ngasa. Alikuwa kwenye kazi yake ya utani, amevaa sweta lako jeupe na kofia yako, anatembea mbele ya waombolezaji kama wewe, analamba vidole, anarusha kiazi. "Jamani ngojeni, ngojeni! Marehemu hafi kabla ya saa ya chai! Mchezo gani huu wanasimama kunywa chai, nyie? Ndiyo maana kafa mapema, kachoka kungoja kikombe!" Watu wanacheka wanalia. Yusufu naye alicheka, na mimi nilikuwa naangalia anacheka kiasi gani.

Nikamwonyesha Ngasa mpira pembeni. Utani ukamtoka usoni. Akaugeuza. Akaunusa. Akasema, "Shemeji, hiki kitu kimeshonwa ngozi pande zote. Kitu kilichoshonwa ngozi pande zote kina mwenyewe ndani."

Tukaupasua. Kwa kisu chake cha tumbaku, tumerudi mbele ya mkeka, kila mtu anaona. Ngozi ikafunguka, ndani nyuzi. Nyuzi zimezungushwa, zimekazwa, zimezungushwa tena, mtu ametulia ameifanya ile kazi kwa moyo. Na katikati ya nyuzi kipande cha gamba la mti, chepesi, hakuna aliyeujua mti wake. Wewe umezaliwa hapa. Ungeona hicho kitu ungesema nini? Wanawake walirudi nyuma wote pamoja. Mtu mmoja akasema neno moja, "Hirizi," na nikasikia sauti yangu imekuwa kubwa: "Yusufu! Ulimfunga mwanangu!"

Hakukimbia. Alikuwa anautazama ule mpira uliopasuka, si mimi, na uso wake ukawa kama uso wa mtu aliyeona mbuzi wake amegongwa. Akafungua begi lake. Akatoa mpira mwingine, mwekundu, mpya kabisa, akasema wenzako wa timu wamemtuma auweke juu ya kaburi lako. Akamwomba Ngasa kisu. Akaupasua mwenyewe. Ngozi, nyuzi, gamba la mti.

"Yote iko hivi, mama. Duniani kote. Na upande mmoja tunausugua kwenye suruali ung'ae, ndiyo kazi."

Ngasa akakuna kichwa chini ya kofia yako. "Kumbe mmekuwa mnarushiana hirizi kutoka hapa mpaka Ulaya! Na mkichoka mnakunywa chai!" Watu wakaanza kucheka.

Mimi sikucheka. Nikasema, "Na huo wa pili kaja nao nani? Si wewe? Anayeweza kufunga mmoja anashindwa kufunga miwili?"

Baba yako mdogo Anyelo akasimama na fimbo yake. Alikuwa amechoka, jua limepanda, Didas ameketi ukingoni mwa mkeka hajui kama atakuwa wewe au atabaki Didas. Anyelo akasema, "Mama Kasiani, sisi hatuwezi kushinda tunapasua mipira. Ukoo unakuuliza. Kifo hiki ni cha Mungu, au ni cha mtu?"

Nikalifungua neno mdomoni. Lilikuwepo, nililala nalo, nililipika, nililipepeta. Lakini nilijua nikilitoa, wewe unakuwa "yule". Nikasema, "Nijibiwe mimi kwanza." Nikamgeukia Yusufu. "Mwanangu akiwa na homa alikuwa anakuambia usiseme. Usiseme nini?"

Akainamisha kichwa. Anyelo akagonga fimbo. Ndipo Yusufu akasema, na hakuwa anauambia ukoo, alikuwa ananiambia mimi. Kwamba mlikuwa ugenini, katikati ya mechi, ukaingia chumba cha kubadilishia nguo ukatapika damu. Kwamba siyo mara ya kwanza. Kwamba yeye alikuwa anakufulia suruali kabla wengine hawajaingia. Kwamba daktari wa kule alikueleza habari ya ini wazi wazi, na wewe ulitoka pale ukaenda ukauacha ukepteni kwa mdomo wako, ukamwambia yeye achukue, na ukamwapisha.

Suruali, Kasiani. Ulipokuja ile likizo ya mwisho nilizifua. Nikaona wekundu, nikakuuliza. Ukasema, "Rangi ya mpira, mama, tunausugua hapo." Mimi ninayeshuku hata chumvi, hilo nililiamini. Nilichukua jivu na sabuni nikasugua huku naimba.

Nilitaka kumpiga yule kijana. Nilitaka kukupiga wewe. Kwa nini yeye? Nilikunyonyesha, nilikubeba mgongoni mpaka Karema na kurudi, halafu siri ya mwili wako anapewa mtu wa Tanga? Na bado, nakwambia ukweli, bado kichwa kikawa kinasema: maneno ni yake, daktari ni wake, ugenini aliyekuwepo ni yeye, shahidi wake nani?

Nikamwuliza, "Alikuapisha akisema nini? Nataka maneno yenyewe."

Yusufu akaniangalia kama anaomba radhi mapema. "Alisema hivi: 'Mama asijue. Mama akijua nina ugonjwa, atamshuku kila mtu Mpanda nzima, mmoja mmoja, mpaka amfikie padri. Na akimaliza padri atanishuku mimi.'"

Ngasa ndiye aliyeanza. Alicheka akakaa chini. Anyelo akageuka pembeni mabega yanatikisika. Skola, yule yule wa mpunga, alicheka kwa sauti mpaka nikamwekea akiba kwa siku nyingine. Na mimi, baba, nikacheka. Ilinitoka tumboni na machozi pamoja. Maana nilikusikia. Hivyo ndivyo unavyosema, na ile "mmoja mmoja" ni yako, uliisema hivyo tangu mdogo. Mtu anaweza kufunga nyuzi, anaweza kutunga daktari na safari. Hakuna mtu wa Tanga anayeweza kunitungia mimi hivyo. Ile ilitoka kwa mtu aliyekula mezani kwangu.

Nikasema, "Cha Mungu."

Anyelo akarudia kwa sauti ili wa nyuma wasikie. Cha Mungu. Didas akavuliwa shati, akavishwa sweta lako ambalo Ngasa alilivua kwa shida huku analalamika kwamba marehemu alikuwa na mikono mirefu ya kudokoa nyama. Akakalishwa mkekani. Wakaniambia mama aanze. Nikapiga goti mbele ya mwanangu mdogo, nikamwamkia: Kasiani. Akaitika. Kilikuwa kitu kigumu kuliko jeneza. Tangu siku hiyo namwita hivyo asubuhi, na yeye anaitika kwa adabu, na kila akiitika mimi bado nageukia mlango wa chumba chako.

Yusufu alikusanya nyuzi za mpira wako. Nilidhani anazichukua, nikamfuata nyuma. Alikuwa amekaa peke yake kwenye ngazi ya nyuma anazizungusha upya juu ya lile gamba, taratibu, hakuna uzi uliopanda juu ya mwenzake kwa haraka. Kidole chake kile cha kurushia kimepasuka mahali pale pale kilipokuwa kimepasuka chako. Nilisimama nikatazama. Nilimletea mafuta ya mawese apake, basi. Ule mpya tumeuweka kaburini jinsi ulivyo, umefunguka, na watoto wa shule wakipita wanausogelea halafu wanakimbia.

Yule daktari wa kule ugenini angekuandikia kwenye karatasi niisome mwenyewe, ningelala vizuri zaidi. Hilo nalisema. Sijapona kabisa.

Treni ya kurudi ilikuwa kesho yake. Nilimpikia kuku wa njiani, nikamfungia na ugali kwenye jani la mgomba. Pale stesheni alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, lakini niliona macho yake yamekaa kwenye ule mzigo kidogo. Na ana haki. Jana yake nilimwita mchawi mbele ya ukoo mzima, leo namlisha. Nikaufungua tena pale pale kwenye benchi, abiria wanatazama. Nikachuna nyama ya paja nikala, nikamega ugali wake nikala, nikameza, nikafungua mdomo aone. Kwetu ndivyo mwenyeji anavyomtoa mgeni wasiwasi. Hilo alilielewa bila kufundishwa. Alichukua paja lililobaki akala na mimi, tumesimama, mafuta yanatuchuruzika mikononi, mpaka filimbi ilipopigwa.

Kwaheri, mwanangu. Lala ulipolazwa, au zunguka kama bado unazunguka, mlango wa nyuma siufungi komeo. Nakuahidi kitu kimoja. Huyu Kasiani niliyeachiwa, siku akirudi nyumbani amekonda, sitaanza kwa majirani. Nitamkalisha, nitamshika mkono, nitamwuliza yeye. Na akigeukia ukutani nitahamia upande wa ukutani.

Mimi mama yako,
Leokadia